Tulipokimbia, wanyama walibaki: wenzetu wa New Orleans walifanya nini?



Wengi kati yetu hatujasahau Jumamosi ile jioni, tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma ilipogeuka nyekundu. Tulibeba nini? Mtoto mgongoni na mwingine mkononi, godoro kichwani, bidoni la maji, sufuria, karatasi za shule ndani ya mfuko wa plastiki. Waliobahatika walipata chukudu ya kubebea mizigo. Wengine walitembea kwa miguu mpaka Sake, wengine wakavuka mpaka kuelekea Gisenyi. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana alipotoa amri ya kuhamisha kartiye kumi za mji, tulikimbia tena, na safari hii wengi walipanda maboti ya Bukavu.

Mbuzi walibaki. Kuku, sungura, dende, mbwa wa kulinda nyumba, wote walibaki.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja wa Majengo ambaye alikuwa na mbuzi watatu, aliowanunua kwa zamu yake ya likelemba. Alifika Sake na watoto wanne. Siku ya tatu aliwaacha watoto kwa shangazi yao, akarudi Goma kwa miguu, ardhi ikitetemeka chini yake, ili awape mbuzi majani na maji. Tulipomwuliza kama hakuogopa, alijibu kwamba aliogopa sana, lakini mbuzi wale walikuwa ndio minervali ya watoto. Hakuwa peke yake barabarani. Alisema alikutana na wamama wengine waliokuwa wakirudi kwa sababu hiyohiyo, na wazee pia.

Tangu hapo swali hili limekuwa likirudi katika mikutano yetu: mtu akikimbia, nani anamkimbiza mnyama wake? Wiki hii tumeona vema kuwaletea habari za mji mwingine, ambako chama cha kuokoa wanyama kilipigwa na maafa mpaka nyumba yake ikazama, kisha kikakua kuliko kilivyokuwa. Ni mbali, huko Marekani, na habari zao zinahusu zaidi mbwa na paka. Tunajua baadhi yenu mtacheka. Sisi pia tulicheka mwanzoni.

Mji ulio chini ya maji

New Orleans ni mji wa jimbo la Louisiana. Sehemu kubwa ya mji huo iko chini kuliko usawa wa bahari, kama sahani, na maji yanazuiwa na kingo ndefu za udongo na simenti. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga kilichopewa jina la Katrina kiligonga pwani. Kingo zilibomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya elfu moja walikufa, na sehemu nyingine maji yalifika kwenye paa za nyumba.

Katika mji huo kulikuwa na chama kinachoitwa Louisiana SPCA, kilichoanzishwa mwaka 1888. Kazi yake ilikuwa ya kawaida: kupokea mbwa na paka waliopotea, kuwatafutia wenyewe au familia mpya, kuchanja, kuzuia watu kutesa wanyama, na kusaidia komini katika mambo ya mbwa wanaozurura. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa chini, upande wa watu wa hali ya kawaida.

Waliposikia kimbunga kinakuja, hawakungoja kuona. Walipakia wanyama wote 263 waliokuwa nao kwenye malori na kuwapeleka Houston, katika jimbo la Texas, zaidi ya kilomita 500. Kila mnyama alikuwa na karatasi zake. Siku chache baadaye nyumba yao ilizama. Kama wangesema tusubiri kwanza tuone, wanyama wale wote wangekufa ndani ya vyumba vyao.

Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini walikuwa wameokoa wanyama wa chama tu. Wanyama wa mji mzima walikuwa bado majumbani.

Kwa nini watu hawakuondoka

Meya alitoa amri ya kuhama siku moja tu kabla ya kimbunga. Wenye magari waliondoka. Wengi walifikiri watarudi baada ya siku mbili tatu, basi wakamwachia mbwa beseni la maji na chakula kidogo, wakafunga mlango. (Nani kati yetu hakufanya hivyo na kuku wake?) Wasiokuwa na gari, ndio maskini, wazee, wagonjwa, walibaki nyumbani au walikwenda kwenye uwanja mkubwa wa michezo unaoitwa Superdome. Huko walijaa zaidi ya watu 20,000.

Vituo vingi vya kupokea wakimbizi vilikataa wanyama. Boti za waokoaji mara nyingi zilikataa. Basi nazo zilikataa. Mtu aliyesimama juu ya paa na mbwa wake aliambiwa achague.

Habari moja ilizunguka dunia nzima. Mtoto mdogo alikuwa akipandishwa basi kutoka Superdome, akiwa ameshika mbwa wake mweupe. Polisi akamnyang'anya. Mtoto akalia, akaita jina la mbwa wake, Snowball, akalia mpaka akatapika. Mwandishi wa habari aliyekuwa hapo aliandika mistari michache tu juu ya jambo hilo, kati ya habari za maiti na njaa. Lakini ndiyo mistari ambayo watu wengi waliikumbuka. Sisi wamama tunajua sababu: mtoto yule alikuwa amepoteza kila kitu, na kile kimoja alichobaki nacho mkononi kilichukuliwa na mtu aliyekuja kumsaidia.

Mwaka uliofuata, shirika moja la utafiti, Fritz Institute, liliuliza waliokataa kuhama kwa nini walibaki. Asilimia 44 walisema sababu mojawapo ni kwamba hawakutaka kuwaacha wanyama wao. Wamama, tuisome namba hiyo polepole. Karibu nusu ya waliobaki mbele ya maji walikuwa wakifikiria mnyama. Mpaka siku hiyo wakubwa wa serikali walihesabu mbwa kama mzigo unaojaza nafasi ya mtu ndani ya boti. Sasa ilionekana kwamba kumkataa mnyama ni kumbakiza mtu pia.

Jinsi chama kilivyokua

Wafanyakazi wa Louisiana SPCA walirudi wakiwa hawana nyumba ya kazi, na wengi wao hawana hata nyumba ya kulala. Simu zilianza kuingia kutoka miji ya mbali, kwa watu waliokimbia: nimeacha paka wawili kwenye ghorofa ya pili, mtaa fulani, namba fulani, vunjeni mlango. Walivunja. Waliingia kwa mitumbwi na boti ndogo, nyumba kwa nyumba, na walipotoka waliandika ukutani kwa rangi ya kupuliza: hapa tumechukua mbwa mmoja, hapa tumeacha chakula na maji. Alama hizo zilibaki kwenye kuta miezi mingi baadaye.

Walipelekwa wapi wanyama hao? Kiasi cha kilomita 90 kutoka New Orleans, mahali paitwapo Gonzales, kuna uwanja wa maonyesho ya farasi na ng'ombe, Lamar-Dixon. Mabanda ya farasi yakawa makao ya mbwa. Mashirika makubwa ya kitaifa yalikuja kuungana na chama cha mji, na watu wa kujitolea wakafika kutoka majimbo yote na hata Kanada: waganga wa mifugo, wanafunzi, wamama wa nyumbani, wanaume waliochukua likizo ya kazi. Walilala ndani ya magari yao. Walisafisha mabanda, walitembeza mbwa katika joto kali, waliosha wale waliotoka kwenye maji ya mafuta na uchafu. Inakadiriwa kwamba katika eneo lote la maafa waliokolewa wanyama kama 15,000.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana wengi wanapohadithia habari hii wanaishia kwenye ushindi. Mikono ilikuwa mingi, moyo ulikuwa mkubwa, lakini daftari lilikuwa dhaifu.

Kila siku wanyama waliingia kwa mamia. Mabanda yalijaa, ikabidi kuwasafirisha kwenda majimbo mengine, wengine kwa malori, wengine kwa ndege. Kundi moja liliandika hivi, kundi lingine liliandika vile. Mbwa aliyechukuliwa kwenye mlango fulani alipelekwa mbali, na karatasi iliyosema alitoka mlango upi ikabaki nyuma au ikaloa. Wenyewe nao walikuwa wametawanyika, hawana simu, hawana anwani, wanalala kwenye vituo vya wakimbizi. Mwisho wa yote, inakadiriwa kwamba ni asilimia 15 hadi 20 tu ya wanyama waliookolewa waliorudi kwa wenyewe.

Wengine walipewa familia mpya. Baada ya miezi, mwenye mbwa akampata kwa picha kwenye intaneti, akapiga simu: huyo ni wangu. Na jibu likawa: hapana. Baadhi ya familia mpya walisema kwamba mtu anayemwacha mbwa mbele ya kimbunga hastahili kumrudishiwa. Kesi zilifika mahakamani. Mwaka 2009 ilitoka filamu ya habari za kweli juu ya kesi hizo, iitwayo Mine, na ndani yake waliokuwa wakidai mbwa wao ni watu waliopoteza nyumba, wengi wao maskini na weusi, wakidai kwa watu wenye nyumba.

Tulijadili jambo hilo karibu saa nzima katika mkutano wetu. Mama mmoja alisema familia mpya walifanya wema, walilisha mnyama, walimtibu, walimpenda. Ni kweli. Lakini wengi wetu tulikuwa upande wa wenyewe. Mtu aliyepanda boti kwa amri ya askari hakumtupa mbwa wake. Tunajua jinsi ilivyo mtu aliyekaa salama anapokupima kwa kile ulichoacha siku ulipokimbia. Tumesikia maneno ya namna hiyo hata juu ya watoto waliopotezana na wazazi njiani.

Pesa ilikuja, kisha ikapungua

Maafa yanaleta pesa haraka. Wamarekani walipoona picha za mbwa juu ya paa walitoa, na shirika moja tu la kitaifa lilipokea zaidi ya dola milioni 30 kwa kazi ya Katrina. Kisha kimbunga kingine kinakuja, vita vingine, picha nyingine, na watu wanatoa kwingine. Chama kilichoajiri watu na kukodi magari kwa pesa ya mwezi wa kwanza kinaweza kuanguka mwaka wa pili. Sisi tunaolifahamu soko la misaada hapa Kivu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Louisiana SPCA walifanya nini? Kwanza walikaa kwenye ghala la zamani la kahawa, upande wa Algiers, ng'ambo ya mto, ambako ardhi haikuzama. Mwaka 2007 walifungua nyumba mpya hukohuko Algiers. Hawakurudi kwenye mtaa wa chini kwa sababu tu walizoea. Waliendelea na kazi ile isiyopigwa picha: chanjo, kufunga uzazi wa mbwa na paka, kuokota wanaozurura, kwa kuwa mji uliojaa nyumba tupu ulijaa mbwa wasio na mtu. Na walikaa mezani na wakubwa wa mji kuandika mpango: siku ya kuhama, mnyama anaingia wapi, nani anamsajili, anapewa namba gani, na mwenyewe anabaki na namba hiyohiyo mkononi.

Kwetu sisi, meza hiyo ndiyo ukuaji wa kweli, kuliko nyumba mpya. Kabla ya Katrina walikuwa watu wa mbwa. Baada ya Katrina mji haukuweza kupanga kuhamisha watu wake bila kuwauliza.

Sheria nayo ilibadilika. Mwezi wa tano 2006 wabunge wa Marekani walipiga kura 349 dhidi ya 24, na mbunge Tom Lantos, aliyekuwa mmoja wa walioileta sheria hiyo, alimtaja mtoto wa Snowball. Rais George W. Bush aliitia sahihi tarehe 6 Oktoba 2006. Inasema kwamba jimbo au mji unaotaka pesa ya serikali kuu ya maafa lazima mpango wake uonyeshe jinsi watakavyohamisha na wenye wanyama wa nyumbani. Kwa maneno ya jikoni: hakuna mpango wa mbwa, hakuna pesa.

Jaribio lilikuja upesi. Tarehe 1 Septemba 2008 kimbunga Gustav kilifika Louisiana. Karibu watu milioni mbili walihama kusini mwa jimbo. Safari hii wasio na gari walifika mahali pa kupandia basi na wanyama wao, na wanyama hao wakaandikwa na kusafirishwa badala ya kunyang'anywa.

Kuna mbegu nyingine ndogo iliyotupendeza. Mwaka 2005, mabanda yalipojaa, wanyama wengine walipelekwa kwenye gereza liitwalo Dixon, na wafungwa wakawatunza. Kimbunga kikaisha, lakini wazo halikuisha: miaka mitano baadaye gereza hilo lilifungua makao ya kudumu ya mbwa na paka waliopotea, yanayohudumiwa na wafungwa wenyewe, katika sehemu ambayo haikuwa na makao kama hayo.

Na mbuzi?

Sheria ile ya Marekani inaposema mnyama wa nyumbani, maana yake ni mbwa, paka, ndege wa kufugwa, sungura na wengine wadogo. Mbuzi hayumo. Ng'ombe hayumo. Kwa mtu wa New Orleans mbwa ni mtoto wa nyumba, na mbuzi ni habari ya mashamba. Kwetu mbuzi ni banki, ni mahari, ni dawa ya siku ya homa. Kwa hiyo hatuwezi kunakili mpango wao.

Lakini daftari tunaweza. Mwezi uliopita tulikaa na veterineri mmoja anayetusaidia, tukauliza kitu gani kinawezekana bila pesa ya mtu wa nje. Alisema mambo ya kawaida. Mnyama asifungwe kwa kamba fupi usiku wa hatari, maana mbuzi aliyefungwa hana nafasi yoyote, na aliyefunguliwa anaweza kujiokoa. Kila familia iwe na alama yake, hata kitambaa cha rangi shingoni, na alama hiyo iandikwe mahali pawili: moja kwa mwenye mnyama, moja kwa kikundi. Majirani wapatane mapema nani ana nguvu za kuswaga kundi la wote, ili mama mwenye watoto wanne asirudi peke yake kutoka Sake. Na wanyama wanaofika pamoja mahali pageni wasichanganywe mara moja na wa wenyeji, maana wanaletana magonjwa, na hapo ukarimu unageuka ugomvi.

Tumeanza kuandika. Familia kumi na moja zimejiandikisha: mbuzi, kondoo wawili, na dende ambao mwenyewe alishindwa kuhesabu kwa sababu walizaliwa wengine tukiwa tunahesabu.

Ugumu mmoja bado upo. Mama wa Majengo, yule yule, amekataa kuandikisha. Mbuzi wake wawili walipona mwaka ule, na sasa ni zaidi, lakini hataki idadi iandikwe. Anasema daftari likionekana na shemeji zake wataanza kuja na shida zao, na likionekana na wezi watakuja usiku. Ana haki. Dada mmoja alipendekeza tuandike alama na rangi ya mnyama bila jina la familia, na jina liwe kwenye daftari la pili, linalokaa kwa mtu mmoja. Basi ubishi ukahamia hapo: huyo mtu mmoja ni nani? Tulitaja majina matatu, na kila jina lilipata mtu wa kukohoa.

Mkutano ni Alhamisi, saa nane, mahali petu pa kawaida. Mwenye kitambaa cha zamani cha rangi kali akilete.